Kila nikipunguza meshi kona inazidi kuwa nyekundu, sasa niweke ploti gani kwenye ripoti?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo (meshi ni ule wavu wa vipande vidogo, elementi, ambavyo programu inaigawa modeli, na MPa ni kipimo cha mkazo, yaani nguvu kwa eneo): "Shikamoo mtaalamu. Nimepewa braketi ya chuma ya umbo la L, mkono una urefu wa mm 200, unene mm 20, upana mm 25. Mgongo wote nimeufunga, mwisho wa mkono nimeweka mzigo wa N 800, baadaye itabeba mota ya mizunguko 2880 kwa dakika. Nimepiga simulesheni kwa elementi za mm 4, kona ya ndani ikatoa MPa 150. Bosi akasema meshi kubwa, punguza. Kwa mm 2 ikaja 206, kwa mm 1 ikaja 282, kwa mm 0.5 ikaja 386, na chuma chetu ni S275. Afu kwenye picha mkono umelala kama umeyeyuka. Bosi kaona nyekundu kasema hii itakatika. Mi naona kama picha inanidanganya ila sijui nimwambie nini. Niweke ploti zipi ili nieleweke?"

Marahaba mdogo wangu, na nashukuru umeandika namba zote, maana wengi wananitumia skrinshoti yenye rangi tu afu wanauliza "hii iko sawa?" na mi hata kipimo sikijui. Braketi yako haina shida kubwa kama bosi anavyodhani. Shida ni kwamba umeiachia programu ikuchagulie cha kuchora, na programu haijui bosi wako anauliza nini, yenyewe inatafuta namba kubwa kuliko zote kwenye modeli inaipaka nyekundu, inatafuta ndogo kuliko zote inaipaka bluu, basi, imemaliza kazi. Fanya jaribio hili kama huamini: ondoa N 800 weka N 1. Utapata picha ile ile, nyekundu ile ile kwenye kona ile ile, mkono umelala vile vile. Zitabadilika tarakimu za pembeni tu. Sasa picha ambayo haijali kama umeweka N 1 au N 800 inawezaje kumwambia mtu kitu kitakatika?

Tuanze na mkono uliolala, huo ndo mwepesi. Chukua kalamu upige hesabu ya boriti iliyofungwa upande mmoja, mzigo mara urefu uliopigwa kyubu, gawa kwa 3 mara E mara I. E ni ugumu wa chuma, weka 210000 MPa, I ni kipimo cha umbo la mkato wa mkono kupinga kupinda, 25 mara 20 kyubu gawa kwa 12, inakuja kama 16667. Jibu ni mm 0.61. Kwenye modeli utakuta imezidi kidogo, labda 0.65 hivi, kwa sababu kona nayo inajikunja wakati kalamu yako imeichukulia ni ngumu kama mwamba. Kwa hiyo ncha ya mkono inashuka chini ya milimita moja! Unachokiona kwenye skrini ni skeli ya oto, programu imekuza mpindo mara 30 au zaidi ili jicho lione kitu, na 0.65 mara 30 ni karibu mm 20, yaani unene mzima wa mkono. Lazima uone kama umeyeyuka.

Mi siizimi hiyo skeli, msije mkanielewa vibaya, kukuza mpindo ni kitu kizuri sana kwa kukagua modeli, unaona kama sehemu uliyosema imefungwa kweli imetulia, kama kuna kipande kimepita ndani ya kingine, kama braketi inapinda upande ambao hukuutegemea. Mimi nikifungua majibu ya mtu yeyote naanza na mpindo uliokuzwa na naucheza kama video kabla sijaangalia mkazo wowote. Ila picha ikienda kwenye ripoti iandikwe kabisa "mpindo umekuzwa mara 30, ncha imeshuka mm 0.65" na nyuma yake iachwe mistari ya umbo la mwanzo ili macho yawe na cha kulinganisha. Mstari mmoja wa maandishi huo ungekuokoa na bosi siku ile.

Na kabla hujatoka hapo itoe programu jumla ya nguvu za kujibu pale ulipofunga. Inatakiwa ije N 800, juu kinyume na mzigo, na pande nyingine mbili ziwe karibu na sifuri. Ikija 0.8 au 800000 hapo umechanganya vipimo, acha kila kitu urudi nyuma. Hii haina ploti, ni namba moja tu, lakini isipokaa sawa hakuna ploti yoyote huko mbele yenye maana.

Sasa kona. Namba zako ni tamu sana kwa sababu bila kujua umefanya kipimo chenyewe. Angalia: 150, 206, 282, 386. Gawa kila moja kwa iliyotangulia. Zote zinatoka 1.37. Yaani kila ukiipunguza elementi iwe nusu, mkazo unapanda asilimia 37, haupungui kasi, hauchoki. Ukienda mm 0.25 utapata kama 529, mm 0.125 utapata zaidi ya 700, na ukiendelea hivo kompyuta itaishiwa memori kabla namba haijatulia. Hilo halitokani na chuma chako wala na bosi wako, limetokana na umbo ulilochora. Kona ya ndani ya nyuzi 90 isiyo na mviringo wowote, kihesabu mkazo wake hauna mwisho, M. L. Williams alishaionesha mwaka 1952, na kwa kona kama yako mkazo unapanda jinsi unavyosogea karibu nayo kwa kipeo cha karibu 0.455. Sasa chukua 2 ipandishe kwa kipeo cha 0.455 uone inakupa nini. 1.37! Modeli yako imeitii hesabu neno kwa neno. Tunaita singulariti, na meshi ndogo haiitibu, inaifuata tu.

Ploti ya kwanza ya ripoti yako basi ni hii, na wala sio ya rangi: mhimili wa chini weka saizi ya elementi, mhimili wa wima weka mkazo wa juu pale konani, na mihimili yote miwili iwe ya logi. Pointi zako nne zitakaa kwenye mstari ulionyooka kama umepiga rula, mteremko wake karibu hasi 0.455. Mstari ulionyooka kwenye logi unamaanisha namba haina pa kutulia. Ukichora kwenye mihimili ya kawaida utaona mkunjo unaopanda tu, na mtu mwenye matumaini atasema "labda unakaribia kutulia", ndo maana nasisitiza logi.

Halafu kwenye grafu hiyo hiyo weka mstari wa pili. Rudi kwenye modeli, kona ya ndani ipe mviringo wa kweli, nusu kipenyo kile kile kitakachokuwepo kwenye chuma chenyewe. Nimechora haraka moja inayofanana na yako nikaweka mviringo wa mm 6, elementi za mm 4 zikanipa 121, za mm 2 zikanipa 133, za mm 1 zikaja 137, za mm 0.5 zikaja 138. Unaona inavyochoka? Ongezeko la 12, kisha 4, kisha 1. Mstari huu kwenye grafu unalala, ule wa kona kali unapaa, na wote wako kwenye karatasi moja. Bosi hahitaji kujua kipeo wala Williams, ataona kwa macho kwamba namba moja ipo na nyingine haipo.

Watu wanachanganya hapa kwa hiyo niseme, sio kila mkazo unaopanda ukipunguza meshi ni singulariti. Tundu la mviringo kwenye bamba pana linalovutwa nalo mwanzoni linapanda, ila linatulia kwenye mara 3 ya mkazo wa mbali, Kirsch alilipata hilo kwa kalamu mwaka 1898. Huo ni mkusanyiko wa mkazo wa kweli na kama chuma kitachoka basi kitaanzia hapo, usije ukaufuta kwa kisingizio cha "ni singulariti tu". Kinachotofautisha ni kutulia au kutotulia, na hilo huwezi kulijua kwa meshi moja. Mzigo uliowekwa kwenye nodi moja (nodi ni pointi elementi zinapokutana) nao unaleta singulariti ya aina yake, kwa hiyo kama ile N 800 umeibandika kwenye nodi moja tu usishangae ukikuta nukta nyekundu na pale nchani.

Kama kona yako haikukunjwa bali imechomelewa, mviringo wa mm 6 haupo, na hapo usijidanganye kwa kuchora mviringo wa uongo ili namba ishuke. Kuna njia ya wachomeleaji inayopendekezwa na International Institute of Welding, unasoma mkazo juu ya uso kwenye umbali wa mara 0.4 ya unene na mara 1.0 ya unene kutoka ukingo wa wedi (mshono wa kuchomelea), kwako ni mm 8 na mm 20, halafu unachukua 1.67 mara ule wa karibu unatoa 0.67 mara ule wa mbali. Unakuwa umevuta mstari hadi ukingoni bila kuisoma ile nodi ya ukingoni yenyewe. Ni ya kuchungulia uchovu wa wedi, mzigo unaorudiarudia, na kwa mota nadhani utaihitaji.

Twende kwenye kitu ambacho programu nyingi zinakificha kwa upole. Mkazo hauhesabiwi kwenye nodi. Kinachohesabiwa kwenye nodi ni kuhama, mkazo unapigwa ndani ya elementi, kwenye pointi maalumu za hesabu zinazoitwa za Gauss, kisha programu inauvuta hadi kwenye nodi. Sasa nodi moja inaguswa na elementi kadhaa na kila elementi inakuja na jibu lake. Tuseme zimekutana nne, moja inasema 118, nyingine 131, nyingine 126, ya mwisho 149. Programu inakuchorea 131 ambayo ni wastani, rangi zinateleza vizuri kama zimepakwa kwa brashi na wewe unaridhika. Kule ndani elementi mbili za jirani zimepishana kwa 31 na hakuna aliyekwambia!

Kila programu ina mahali pa kuzima huo wastani. Kwenye ANSYS unachagua ploti isiyo na wastani, kwenye Abaqus kuna kizingiti ambacho difoti yake, yaani namba inayokuja nayo yenyewe, ni asilimia 75. Zima, angalia picha mbaya yenye mabakamabaka, hiyo ndo inasema ukweli kuhusu meshi. Mabaka yakiwa madogo pale unapopajali, washa tena wastani uweke picha nzuri kwenye ripoti, hakuna dhambi. Yakiwa makubwa punguza meshi pale pale tu, sio modeli nzima. Na mahali chuma kinapokutana na alumini, au bamba la mm 10 linapokutana na la mm 6, usiruhusu wastani uvuke mpaka kabisa, kwa sababu pale mkazo unaruka kweli kwa mujibu wa fizikia, na wastani utakuchorea mteremko laini ambao haupo duniani.

Ploti ya pili, hii ndo ninayoipenda kuliko zote na sijui kwa nini vijana hawaitumii: mstari wa kukata. Chagua katikati ya mkono, mm 100 kutoka kwenye mzigo, mbali na kona, mbali na ncha, vuta mstari kutoka uso wa juu kushuka hadi uso wa chini, mm 20 tu, uchore mkazo wa kuelekea urefu wa mkono. Kalamu inasema pale kuna nguvu ya kupinda ya 80000 N mm, yaani 800 mara 100, kwa hiyo uso wa juu unavutwa kwa MPa 48 na wa chini unagandamizwa kwa MPa 48, katikati sifuri, mstari umenyooka kutoka chanya hadi hasi. Chora mstari wa modeli, juu yake weka nukta tatu za kalamu. Zikikaa juu ya mstari umeshamaliza nusu ya ubishi, kwa sababu sasa sio suala la kuamini programu, kuna kitu nje ya programu kinachokubaliana nayo. Ukisogea hadi kwenye shina la mkono kalamu inakupa 96, na ile 138 ya kwenye mviringo ni kama mara 1.44 yake, kiasi kinachoeleweka kabisa kwa mviringo wa mm 6 kwenye unene wa mm 20.

Sasa rudia mstari ule ule lakini chora von Mises, ile namba moja inayojumlisha mikazo ya pande zote. Utaona herufi V. Juu 48, katikati karibu na sifuri, chini 48 tena. Kuna watu wanaiona hiyo V wanadhani kuna kitu kimeharibika katikati, hapana, von Mises haijui chanya na hasi, imegeuza upande wa chini ukawa chanya, mvuto na mgandamizo vinafanana kama mapacha. Ukiangalia kwa makini ncha ya V haigusi sifuri, inaishia kwenye 4 na kidogo, huo ni mkazo wa mkato, mzigo unavyotaka kuuteremsha mkono: N 800 kwenye eneo la mm za mraba 500 mara 1.5 ni MPa 2.4, mara kipeuo cha pili cha 3 ni 4.2. Mi kila nikiuona huo mkia mdogo kwenye 4.2 nafurahi, najua modeli iko hai. Kwa kuuliza "chuma kitalegea au hakitalegea" tumia von Mises, ndo kazi yake. Kwa kuuliza "upande gani unavutwa, ufa utafungukia wapi, wedi iko upande gani" von Mises ni kipofu, chora mkazo mkuu wa kwanza au mkazo wa upande unaoujua.

Angalizo dogo, programu ikikuvutia mstari itakuuliza pointi ngapi, na ukikubali difoti unaweza kupata mamia ya pointi kwenye unene wenye elementi tano. Mstari utatoka laini kama hariri. Usilaghaike, zile pointi zimetungwa katikati ya zile chache zilizopo, taarifa ni ya elementi tano tu. Na ukishapata namba zitoe kwenye faili la CSV uchore mwenyewe kwa Python au hata Excel, kwenye karatasi nyeupe, mihimili yenye majina na vipimo. Skrinshoti yenye nyuma nyeusi na herufi za ukubwa wa punje mi nairudisha bila kuisoma.

Haya, picha ya rangi. Iweke moja tu, mwishoni. Kwenye picha yako ya sasa skeli inaanzia sifuri hadi 386 kwa sababu ya nodi chache pale konani, kwa hiyo mkono wote unaobeba mzigo, ule wenye 96 kwenda chini, umebanwa kwenye robo ya chini ya skeli, bluu tupu. Ile namba ya uongo imekula robo tatu ya rangi zako. Mwondolee oto. Amua kikomo kwa kutumia chuma: S275 inaanza kulegea kwenye 275, kama mnagawa kwa 1.5 basi kinachoruhusiwa ni 183, weka juu ya skeli 183, na chochote kinachozidi kipakwe kijivu au cheusi. Sasa rangi ina maana, kijivu ni "imezidi", na kwa modeli yenye mviringo hakuna kijivu popote. Bosi hahitaji hata kusoma tarakimu. Ukiwa na miundo miwili ya kulinganisha skeli iwe moja kwa zote, hili nalisema kwa sababu nimeona mikutano mizima watu wanalinganisha nyekundu ya huku na nyekundu ya kule wakati moja ni 90 na nyingine ni 300.

Kuhusu upinde wa mvua wenyewe, ile skeli ya rangi toka bluu hadi nyekundu, watu wanagombana sana. Ubaya wake upo, ile njano inang'aa kuliko majirani zake kwa hiyo jicho linaona ukingo mahali ambapo namba inapita taratibu tu, na ukichapisha bila rangi nyekundu na bluu zote zinageuka giza, kilele na bonde havitofautiki. Wapo pia wasioona tofauti ya nyekundu na kijani, na huwezi kujua kama bosi ni mmoja wao. MATLAB waliiacha kama difoti mwaka 2014, matplotlib nao toleo la 2.0 mwaka 2017 wakahamia skeli nyingine ya rangi iitwayo viridis. Kwa mkazo ulio na chanya na hasi tumia skeli ya pande mbili yenye nyeupe kwenye sifuri kamili, hiyo sina mjadala nayo. Kwa von Mises ofisini ambako kila mtu amezoea upinde wa mvua toka anaanza kazi, mi sigombani nao, naikata tu kwenye mikanda 8 au 9 badala ya mteleziko laini, ili mtu aweze kusoma "hapa ni kati ya 80 na 100" bila kubahatisha.

Umetaja mota, na hapo nina kovu langu. Kuna kazi moja ya zamani, kitako cha pampu, mashine inazunguka kama yako, 2880 kwa dakika, yaani mara 48 kwa sekunde. Nikapiga simulesheni ya muda, na ili faili lisiwe kubwa nikaiambia programu inihifadhie majibu mara 50 kwa sekunde. Grafu ikatoka nzuri sana, wimbi la taratibu, mara 2 kwa sekunde. Nikakaa wiki mbili, natafuta ni kipande gani kinachobembea mara 2 kwa sekunde, nikaongeza vyuma, nikabadilisha boliti, wimbi lipo pale pale. Mwenzangu mmoja alipita nyuma ya kiti akauliza unahifadhi kila baada ya muda gani, nikamwambia, akacheka. 50 toa 48. Programu ilikuwa inahesabu vizuri kila hatua, mimi ndo nilikuwa nafungua jicho karibu kila mzunguko ukikamilika, kila nikifungua mtetemo umesogea kidogo tu, kama tairi la gari kwenye filamu linavyoonekana linazunguka polepole au kurudi nyuma. Hakukuwa na wimbi la mara 2. Wote waliohusika tulikula aibu ila zaidi mimi.

Kwa hiyo kwako, frikwensi 48, hifadhi angalau pointi 20 kwa kila mzunguko, karibu 1000 kwa sekunde. Kanuni ya vitabuni ya zaidi ya mbili kwa mzunguko inakuokoa na wimbi la uongo tu, haikupi kilele. Kwa pointi 10 kwa mzunguko, bahati ikiwa mbaya kilele kinakosewa kwa asilimia 5, kwa 20 inabaki karibu asilimia 1. Faili likiwa kubwa usihifadhi modeli nzima, hifadhi nodi tatu nne unazozijali kwa wingi, na modeli nzima mara chache.

Ila kabla ya hiyo simulesheni ya muda piga kwanza ya modi, yaani ya kutafuta maumbo na frikwensi ambazo braketi inapenda kutetemeka yenyewe, ni ya dakika chache. Ikikupa picha za braketi inavyotetemeka usisome tarakimu za kuhama, hizo hazina maana yoyote, programu imezipanga tu kwa kanuni yake ya ndani ya uzito, modi inaweza kuandika 38 na braketi haijasogea hata unywele. Soma umbo, na soma frikwensi. Na kumbuka kuweka uzito wa mota pale nchani, maana bila kilo zake frikwensi itatoka juu mno na utalala usingizi usio na haki. Kama unatumia mm, N na MPa msongamano wa chuma ni 7.85e-9, tani kwa milimita kyubu, ukiandika 7850 frikwensi zako zitatoka karibu na sifuri.

Ukishapata frikwensi ya kwanza na mota ikiwa juu yake niandikie ni ngapi, nataka nione iko umbali gani na 48. Na unijibu ile kona, imekunjwa au imechomelewa? Kama ni wedi, ile 138 yangu isahau.